Kikanisa cha mbao cha Russell: matundu ya risasi, pauni za Darwin na boriti zisizoliwa

Swali: "Mwalimu, salaam katika Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa huku nyanda za juu, mkoa wa Njombe. Mpwa wangu anayeishi Auckland ametutumia picha za kikanisa cheupe cha mbao kilichoko mji wa Russell, kaskazini mwa Nyuzilandi. Anasema kilijengwa mwaka 1835 na ukutani kuna matundu ya risasi tangu siku wapagani wa huko walipokishambulia. Tena anasema Charles Darwin, yule wa habari za nyani, alichangia pesa za ujenzi. Mwinjilisti wetu amecheka, kasema hizo ni porojo za mtandaoni. Ukweli ni upi? La pili ndilo linaloniuma zaidi: kanisa letu la mbao lina miaka thelathini tu na tayari boriti za chini zimeliwa. Wenzetu wamefikaje karibu miaka mia mbili? Baraza la wazee linataka tulibomoe, tujenge la tofali."

Mzee wangu, mwambie mwinjilisti asicheke kwa sauti kubwa. Kanisa lipo, linaitwa Christ Church, na ndilo kongwe kuliko makanisa yote yaliyobaki yamesimama Nyuzilandi. Matundu yapo, na pesa za Darwin kweli zimo. Pale mpwa wako alipoteleza ni kwenye hao "wapagani". Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana hadithi ile ikisimuliwa kwa mkato inawaonea watu ambao bila wao hilo kanisa lingekuwa majivu tangu mwaka 1845.

Kwanza tuuweke mji mahali pake. Russell ya leo ni mji mdogo wa watalii na mashua, lakini wakati huo uliitwa Kororāreka, bandari ya Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, wa kabila kubwa la Ngāpuhi katika ghuba iitwayo Bay of Islands. Meli za wavuvi wa nyangumi, nyingi za Marekani na Uingereza, ziliingia pale kutafuta maji, viazi, nguruwe na mbao. Mabaharia waliokaa baharini mwaka mzima walishuka na kiu yao, na vilabu vya pombe vikawasubiri ufukweni. Wenyeji nao walitaka bunduki, kwa sababu ukoo uliokuwa na magobori ulikuwa umekwisha kuwaonyesha majirani kilichowapata wasiokuwa nayo. Wazungu wenyewe waliubatiza mji huo jina la shimo la jehanamu la Pasifiki.

Ng'ambo ya ghuba, mahali paitwapo Paihia, walikaa wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, chini ya Henry Williams, mtu aliyekuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza kabla ya kuacha upanga na kushika Biblia. Alifika mwaka 1823. Kanisa la kwanza la Paihia lilikuwa la matete, kwa ufundi wa Wamaori wenyewe, kama vile babu zetu walivyoabudu katika vibanda vya fito na nyasi. CMS ni hao hao unaowafahamu. Chama hicho kilianzishwa London mwaka 1799, kikamtuma Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann aliyemfuata mwaka 1846 wakafungua kituo cha Rabai. Kwa hiyo risasi zilipokuwa zikipita kwenye mbao za Kororāreka, Machi 1845, Krapf alikuwa hajamaliza mwaka tangu azike mkewe Rosine na mtoto wao Mombasa. Barua za kutoka pande zote mbili zilikuwa zikienda kwa wakubwa wale wale wa London.

Kiwanja cha kanisa kilinunuliwa kwa Wamaori mwaka 1834, na wauzaji waliweka sharti ambalo mimi nalipenda kuliko kitu kingine chochote katika historia hii: Mmaori na mzungu wawe na haki sawa ya kuzikwa pale. Hebu fikiria makaburi ya walowezi tunayoyajua sisi, na uzio wake, halafu usome tena sharti hilo. Ukiingia leo katika ua wa kanisa utaona limetimizwa.

Ujenzi uliendeshwa kwa michango. Hapa naomba ushike jambo moja: hili halikuwa kanisa la misheni kwa maana ya kituo chenye shule, shamba na mmisionari anayeishi hapo hapo. Lilikuwa kanisa la mji wa bandari. Wafanyabiashara, mafundi na manahodha waliopita njia walitoa, na wengi wao kwa tabia zao hata ungeshangaa wanatoa. Ndiyo sababu hata baadaye jengo lilitumika kwa mikutano ya hadhara. Lilikuwa ndilo ukumbi wa maana uliokuwepo.

Sasa Darwin. Meli ya Beagle aliyosafiria ilitia nanga Bay of Islands tarehe 21 Desemba 1835 na kuondoka tarehe 30. Darwin alikuwa kijana wa miaka 26. Kitabu chake kilichomletea majina yote hayo kilitoka mwaka 1859, karibu robo karne baadaye. Tena kabla ya safari ile alikuwa amesoma Cambridge kwa nia ya kuwa padri wa Kianglikana. Nahodha wake, Robert FitzRoy, alikuwa mcha Mungu wa kutajika. Krismasi ya mwaka huo waliisali Paihia, ibada ikisomwa nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kimaori. Walipokuta kanisa la Kororāreka linahitaji pesa, kapteni na maafisa walichangishana melini zikapatikana pauni 15 hivi. Darwin alikuwamo katika mchango huo. Kwa hiyo anayesema Darwin alilijenga kanisa anazidisha chumvi, na anayesema hakutoa kitu naye anakosea. Ilikuwa harambee ya melini, mtu anatia chake na jina linaingia kwenye jumla.

Na usidhani aliupenda mji. Aliandika kwamba anaamini wote walifurahi kuiacha Nyuzilandi, na kuhusu Waingereza wengi aliowakuta pale alisema ni takataka za jamii yao. Mahali pamoja tu palimgusa: kituo cha misheni cha Waimate, bara kidogo, alikokwenda akakuta ngano imestawi, kinu cha kusagia na vijana wa Kimaori wanaofanya kazi ya ufundi. Mwaka uliofuata, meli ilipofika Cape Town, yeye na FitzRoy waliandika barua ndefu gazetini kuwatetea wamisionari wa Tahiti na Nyuzilandi dhidi ya wasafiri waliowaponda. Na hata uzeeni, imani yake ya ujana ikiwa imekwisha kufifia, alikuwa akitoa mchango kwa chama cha misheni kilichofanya kazi Amerika ya Kusini. Mwinjilisti wako akitaka kumpinga Darwin ana uwanja mpana tu, lakini kwa zile pauni amwache.

Ibada zikaanza humo mwanzoni mwa mwaka 1836. Miaka minne baadaye, tarehe 30 Januari 1840, aliingia kanisani humo William Hobson, afisa wa jeshi la majini aliyekuwa ameshuka melini siku moja tu kabla, akasoma mbele ya watu matangazo ya kifalme: mamlaka ya koloni la New South Wales yamepanuliwa kufika huku, yeye ndiye luteni gavana, na habari ya ununuzi wa ardhi itashikwa na serikali. Tarehe 6 Februari, ng'ambo ya maji pale Waitangi, machifu wa Kimaori walianza kutia sahihi mkataba na ufalme wa Uingereza. Anayetajwa kutangulia kutia sahihi ni Hone Heke. Huyo shika jina lake.

Heke hakuwa mpagani aliyetoka porini. Alisoma katika shule ya misheni ya Kerikeri, akabatizwa Agosti 1835, na lile jina la Hone ni la ubatizo. Ona miaka: mwaka aliobatizwa ndio mwaka kanisa lilipokuwa linapigwa misumari. Alikuwa na Agano Jipya mkononi kwa lugha yake, kwa sababu William Colenso, mpiga chapa wa CMS, alimaliza kulichapa Paihia mwaka 1837.

Ugomvi wake haukuwa na dini hata kidogo. Baada ya mkataba, makao ya serikali yalihamishiwa Auckland mwaka 1841, meli zikawekewa ushuru, na biashara ya bandari ikaanza kudorora. Machifu waliokuwa wakipokea malipo kutoka kwa meli wakajikuta hawapati, na wakaanza kuuliza kile walichotia sahihi kiliwapa nini. Juu ya kilima cha Maiki, kinachoutazama mji, ulisimama mlingoti wa bendera ya Uingereza. Mti wa mlingoti huo Heke mwenyewe ndiye aliyeutoa hapo zamani, ili ipeperushwe bendera ya Wamaori. Kuona bendera nyingine iko juu yake peke yake kulimkera. Mlingoti ukakatwa Julai 1844. Serikali ikasimamisha mwingine. Ukakatwa mara mbili Januari 1845. Wakasimamisha tena, safari hii wakaukingia kwa chuma na kujenga ngome ya mbao kuuzunguka. Na gavana aliyekuwa na kibarua hicho, mzee wangu, alikuwa Robert FitzRoy, yule yule nahodha wa Beagle aliyechangisha pesa za kanisa. Aliteuliwa gavana mwaka 1843. Historia ina mizaha yake.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi 1845 mashambulizi yalikuja kwa pande mbalimbali. Heke alipanda kilimani, akaiteka ngome, akaukata mlingoti mara ya nne. Chifu mzee Kawiti, mshirika wake, aliingia na watu wake kutoka upande wa kusini wa mji, na njia yao ndiyo iliyopita kanisani. Hapo walikutana na mabaharia na askari wa majini wa HMS Hazard, meli ya kivita ya Uingereza, wakiongozwa na kaimu kapteni David Robertson. Walipigana karibu sana, kwa risasi, kwa mapanga na kwa mashoka, katika giza la alfajiri, kati ya makaburi na ukuta wa mbao. Robertson alijeruhiwa vibaya. Watu wake kadhaa wakafa hapo hapo.

Matundu ya ukutani ndiyo ya siku hiyo. Nikiulizwa risasi ipi ni ya nani, jibu langu ni kwamba watu wanapopigana kuizunguka nyumba, nyumba hupigwa na wote. Kuna hata alama ya mzinga, na mizinga ya meli iliyonguruma siku ile ilikuwa ya Hazard. Mchana, ghala la baruti ndani ya boma la walowezi lililipuka, watu wakachanganyikiwa, na raia wakahamishiwa melini, pamoja na meli ya kivita ya Marekani, St. Louis, iliyokuwa bandarini. Mji ulipokwisha kuachwa, Hazard iliupiga mizinga mji ule ule iliyotumwa kuulinda. Ndipo uporaji ukaanza, na moto.

Sasa lisikilize hili. Mji ukaungua. Maduka, vilabu, nyumba, vyote. Yaliyobaki yamesimama ni kanisa la Waanglikana na kituo cha misheni ya Wakatoliki cha Askofu Pompallier, pamoja na nyumba zilizokuwa jirani nayo upande ule wa kusini. Haikuwa bahati ya upepo. Heke aliamuru mali ya kanisa isiguswe, na amri yake ilishikwa. Henry Williams, akiwa na Selwyn, askofu wa Waanglikana aliyekuwa kafika kutoka Auckland, walitembea katikati ya wapiganaji kuokota maiti na majeruhi, na hakuna aliyewagusa. Aliyemtukana Williams siku hiyo alikuwa Mwingereza mwenzake, Luteni Philpotts wa Hazard, aliyemwita msaliti mbele ya watu kwa kuwa alikuwa na urafiki na Wamaori. Baadaye gavana aliyemrithi FitzRoy, George Grey, aliendeleza tuhuma za namna hiyo, ikaongezwa na kesi ya mashamba aliyoyanunua kwa ajili ya watoto wake, hadi CMS ikamfukuza Williams mwaka 1849. Wakamrudisha mwaka 1854.

Nitakuwa mwenye haki kwa mpwa wako: Kawiti alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa mwaka 1853, na aliyembatiza ni huyo huyo Williams. Kwa hiyo ukisema katika waliopigana pale uani walikuwamo wasio Wakristo, sawa. Ila ukisema walilishambulia kanisa, hapana. Walipigana na askari wa Hazard, na kanisa likawa katikati yao. Na upande uliowasaidia Waingereza katika vita hivyo ulikuwa pia wa Wamaori, chini ya Tāmati Wāka Nene, ndugu wa Ngāpuhi wenyewe kwa wenyewe. Nene alifariki mwaka 1871 na amezikwa katika ua wa kanisa hilo, kaburi lake likiwa na mnara uliojengwa na serikali. Karibu naye wamelala mabaharia na askari wa Hazard. Mwambie mpwa wako akirudi Russell apige picha ya makaburi hayo mawili. Mtoto wa Kawiti, Maihi, alisimamisha upya mlingoti kilimani mwaka 1858 kama ishara ya kupatana.

Lile jengo mpwa wako aliloliona si lile la 1835 kwa kila ubao. Sura ya kwanza ilikuwa ya wazi kabisa, karibu na sanduku lenye paa. Mwaka 1871 lilifanyiwa matengenezo makubwa, na umbo la leo, pamoja na kimnara cha kengele na nguzo za kuegemeza kuta, ni la baada ya 1835. Ndani, kwenye viti, kuna mito ya kupigia magoti iliyodariziwa na waumini wenyewe, na nafurahi kuona wanawake wa mji mdogo namna ile wameingiza kazi ya mikono yao katika jengo la kihistoria bila kuomba ruhusa ya makumbusho. Bado ni kanisa la ibada. Matundu hawakuyaziba.

Tuje kwenye boriti zako.

Mbao iliyojenga Bay of Islands ilikuwa kauri. Ni mti wa kaskazini mwa nchi hiyo, unaopanda wima bila tawi kwa mita nyingi, na unene wake ni wa kutisha. Mmoja unaotunzwa katika msitu wa Waipoua, unaoitwa Tāne Mahuta, una mzingo wa karibu mita 14. Walipasua kwa msumeno wa watu wawili juu ya shimo, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini akila unga wa mbao usoni. Wapasuaji wa Mufindi na Njombe wanaijua kazi hiyo bila kuelezwa. Lakini angalia tofauti ya gogo. Mti wa miaka mamia una kiini kikubwa, na kiini ndicho kinachokataa kuoza, kwa sababu kimejaa utomvu na kemikali zake chenyewe. Ile sehemu nyeupe ya nje ndiyo chakula cha wadudu. Msindano tunaoununua leo umekatwa ukiwa na miaka kumi na kitu, na karibu wote ni ile sehemu ya nje. Ukimpa mchwa ubao huo bila dawa umemwandalia karamu.

Halafu kuna mchwa wenyewe. Wa Nyuzilandi si hodari kama wetu wanaopanda kutoka ardhini. Huko adui mkubwa wa mbao ni unyevu na mdudu anayetoboa mbao. Hapo wenzetu walibahatika, si ufundi. Na wasijisifu: miaka ya 1990 nchi hiyo hiyo iliruhusu fremu za nyumba zijengwe kwa mbao za msindano zisizotiwa dawa, wakaongeza mitindo ya paa isiyo na upenu, maji yakaingia ukutani, na maelfu ya nyumba zikaoza ndani ya miaka michache. Kesi zake ziligharimu mabilioni ya dola. Nchi yenye kanisa la kauri la 1835 ilijenga nyumba zisizofika hata miaka ishirini.

Kwa hiyo kilicholifikisha kanisa lile hapo lilipo ni mambo matatu: mbao ya kiini, paa lililoshughulikiwa, na watu walioingia kulitengeneza kabla halijawafia mikononi. La tatu ndilo lililo mikononi mwenu.

Naomba kabla baraza halijapiga kura, fundi mmoja mwenye subira afanye kazi ya siku moja. Achimbe pembeni ya kona zote nne mpaka aone boriti ya chini inakaa juu ya nini. Nina hakika karibu kabisa mtakuta udongo umepanda miaka yote hii, kwa kufagia na kwa maji ya mvua, hadi umegusa ubao. Mchwa wetu hapendi kupita mahali peupe. Akipata udongo umegusana na mbao, anaingia kwa ndani na nje huoni kitu. Achukue bisibisi, achome boriti kila hatua. Pale inapozama kama kwenye ndizi iliyoiva, hapo pamekwisha. Inapogoma, bado mna mbao. Kwenye majengo ya namna yenu ugonjwa mara nyingi huishia nusu mita ya kwanza kutoka chini, na juu yake kenchi na kuta ni nzima.

Ikiwa ndivyo, mnaweza kuliinua jengo kwa jeki, kona moja baada ya nyingine, mkatoa boriti iliyoliwa na kuweka mpya ya mbao ngumu iliyotiwa dawa kiwandani, juu ya nguzo fupi za mawe au zege. Juu ya kila nguzo wekeni kipande cha bati kilichokunjwa ukingo kushuka chini, kimtokeze mchwa nje ili aonekane. Tofauti ya bei na kujenga upya ni kubwa. Oili chafu ya gari ambayo najua mmekwisha kuipaka, maana kila mtu anaipaka, haiingii ndani ya ubao. Inakaa juu, inanuka, inavutia moto, na mchwa anayetoka chini wala haoni habari yake. Pesa hizo nunueni mabati ya kurefusha upenu.

Kuhusu tofali, sina ugomvi nalo, ila msilichukue kama bima. Kule Kampala, juu ya kilima cha Namirembe, Waanglikana walijenga kanisa la miti mwanzoni mwa miaka ya 1890, dhoruba ikaliangusha mwaka 1894. Wakajenga jingine, kisha wakaamua kumaliza shida kwa tofali, kanisa kuu likafunguliwa mwaka 1904. Paa lilikuwa la nyasi. Mwaka 1910 radi ikapiga, likaungua. Kanisa lililopo sasa lilikamilika mwaka 1919. Tofali halikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa juu yake. Na pale Kororāreka, jengo la Pompallier ambalo bado limesimama lilijengwa miaka ya 1841 na 1842 kwa udongo wa kushindilia tu, na paa zuri.

Mkikata shauri kubomoa licha ya hayo yote, basi pimeni kwanza: urefu, upana, kimo cha ukuta, nafasi kati ya madirisha. Pigeni picha ndani na nje, na za paa kwa chini. Andikeni nani alipasua mbao, nani alitoa kiwanja na kwa sharti gani. Wazee wanaolijua hilo bado mnao, miaka thelathini si mingi. Kororāreka tunajua habari ya makaburi kwa sababu sharti liliandikwa kwenye hati. Kama kuna sharti la namna hiyo kwenye kiwanja chenu, na huwa lipo, nyumba mpya haina ruhusa ya kulisahau.

Fundi akimaliza kuchimba, nitumie picha za kona zote nne, bisibisi ikiwa imechomekwa ili nione kina. Na uniambie kama upande ulioliwa zaidi ni ule maji ya paa yanapoangukia.